Mcheza Kwao Hutunzwa: Mpige Picha Mnyama Wako Nyumbani

Ujumbe ninaopokea kuhusu picha za paka na mbwa huuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: nimpeleke studio gani? Wapo wanaotaka kujua kama studio za picha za pasipoti na harusi hupokea mbwa. Wapo waliokwisha kwenda, wakalipa, wakarudi na picha ya paka aliyetumbua macho na kulaza masikio, wakaniuliza walikosea wapi. Jibu langu ni fupi: usimpeleke popote. Kamera ndiyo isafiri, mnyama abaki kwake. Zifuatazo ni sababu, kisha namna ya kufanya, hata kama ulicho nacho ni simu tu.

Anachopoteza akitolewa nyumbani

Tuanze na safari. Paka wengi wa huku hawajazoea kubebwa. Anatiwa kwenye boksi lenye matundu, anapandishwa bajaji, anapita katikati ya honi na moshi, halafu anafunguliwa kwenye chumba chenye kiyoyozi na taa kubwa. Paka hujua mahali kwa harufu. Anaposugua shavu kwenye mguu wa kiti huacha alama yake pale, na alama hizo ndizo zinazomtuliza. Studio haina hata moja. Paka mwoga aweza kuhitaji siku kadhaa kuzoea nyumba mpya, na wewe umelipia saa moja.

Mbwa ni afadhali kidogo, kwa kuwa wengi hupenda kutoka. Tatizo lake ni pua. Akiingia mahali pageni ana kazi ya kunusa kila kona, na mpiga picha huambulia visogo na mikia. Akimaliza kunusa huanza kuhema mdomo wazi, na watu husema anacheka. Kama hakuna joto wala hajakimbia, kuhema huko mara nyingi ni wasiwasi.

Kuna na afya. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake hafai kuwekwa kwenye zulia lililopitiwa na mbwa wengine. Virusi vya parvo hukaa kwenye mazingira kwa miezi, na dawa nyingi za kawaida za kusafishia haziviui.

Lakini sababu ninayoithamini kuliko zote ni kwamba nyumbani mnyama ana mahali pake. Paka wako ana dirisha lake na upande wa kochi alioukwaruza mwenyewe. Mbwa ana kivuli chake chini ya mwembe na upenyo wake wa kuchungulia chini ya geti. Picha ikimkuta hapo inamwonyesha yeye, si paka wa kalenda. Mmarekani Walter Chandoha alianza kupiga picha za paka mwaka 1949, baada ya kuokota mtoto wa paka kwenye theluji ya New York, na kazi hiyo ikamchukua maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 2019. Nyingi alizipigia nyumbani kwake, mkewe na watoto wakimsaidia, na mara kwa mara kamera yake ilikuwa chini, sambamba na macho ya paka. Huyo aliishi kwa kazi hiyo. Wewe unahitaji picha tano tu nzuri.

"Lakini kwangu haiwezekani"

*Nyumba yangu ni chumba kimoja.* Kamera haipigi chumba, hupiga unachoielekezea. Mita moja ya nafasi karibu na mlango inatosha. Ondoa ndoo, chaja na mfuko wa plastiki nyuma ya mnyama, basi. Usihamishe kila kitu, maana paka akiona chumba kimegeuzwa naye hugeuka.

*Kwetu mbwa haingii ndani.* Na asiingie. Nyumbani kwa mbwa ni uani, barazani, bandani, getini. Familia nyingi, za Kiislamu na zisizo za Kiislamu, hufuga mbwa wa ulinzi kwa mpaka huo, na mpaka huo ni sehemu ya maisha yake. Tena nuru ya uani ni bora kuliko ya sebuleni, kwa hiyo hujapoteza kitu.

*Simu yangu ni ya bei ya chini.* Simu duni hushindwa gizani. Iweke kwenye kivuli angavu cha nje uone.

*Hatulii hata sekunde.* Mtoto wa paka huruka dakika kadhaa kisha huanguka usingizi papo hapo. Subiri aamke: dakika chache za kwanza, anapojinyoosha na kupiga miayo, ni zako.

*Studio wana taa.* Kweli, na taa hizo ndizo zinazomshtua. Nuru unayo bure, tatizo ni kujua ilipo.

Nuru: hapa ndipo picha nyingi hufia

Huku kwetu karibu na Ikweta jua hupanda upesi. Kufika saa nne asubuhi tayari liko juu, na kivuli kinaangukia machoni mwa mnyama. Saa nzuri za nje ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni hadi jua linapokaribia kuzama. Ukilazimika kupiga mchana, mtafutie kivuli cha baraza, awe ndani ya kivuli lakini karibu na ukingo wake, uso ukielekea nje. Nuru ya anga itaingia machoni mwake, na macho yenye nuru ndiyo yanayoifanya picha iishi.

Ndani ya nyumba, tegemea dirisha au mlango uliofunguliwa. Kaa ubavuni mwa dirisha, mnyama naye awe ubavuni, nuru imfikie kwa upande. Ukimweka mbele ya dirisha utapata kiwiliwili cheusi chenye masikio.

Kisha zima taa zote za chumbani. Nasisitiza hili kwa sababu watu hulipuuza. Kwanza, taa na jua vina rangi tofauti, na manyoya meupe yatakuwa ya njano upande mmoja na ya buluu upande wa pili. Pili, umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo taa nyingi hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kamera inayofanya kazi kwa kasi huona, nawe unapata michirizi myeusi kwenye picha bila kujua ilikotoka.

Mambo mengine matatu ya nyumba zetu:

- Grili za dirisha. Jua likipiga moja kwa moja, nondo huchora mistari juu ya mnyama. Tundika chandarua cheupe au shuka jepesi dirishani. Nuru italainika na mistari itatoweka.
- Kuta za rangi. Ukuta wa kijani au waridi hurudisha rangi yake kwenye manyoya meupe. Msogeze mnyama mbali nao, au mwekee shuka jeupe upande ule ulio na kivuli.
- Vigae. Hung'aa, na mbwa huteleza juu yake akaogopa. Tandika mkeka. Mkeka wa ukindu ni mandhari nzuri kuliko pazia lolote la studio, na hilo nalisema bila upendeleo, au kwa upendeleo kidogo.

Flashi ya simu izime kabisa. Nyuma ya jicho la paka na la mbwa kuna utando unaorudisha nuru ili waone usiku, na ndio unaowapa macho ya kijani yanayowaka kwenye picha. Zaidi ya hapo, flashi humshtua, na baada ya mara mbili anajifunza kwamba simu ikiinuliwa, yeye aondoke.

Siku yenyewe, hatua kwa hatua

1. Chagua saa inayotangulia mlo wake. Mnyama aliyeshiba hulala, na mwenye njaa kidogo hukusikiliza.
2. Mpanguse tongo za macho kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, umpitishie brashi. Usimwogeshe siku hiyo.
3. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini. Simu yako imetoka jikoni na mfukoni, na ule ukungu unaousingizia kamera ni mafuta ya vidole.
4. Waombe watoto wakae upande mmoja na redio ipunguzwe. Mtu mmoja tu ndiye amwite mnyama. Wakimwita watatu, atamtazama wa nne.
5. Lala chini, au piga magoti. Lenzi iwe usawa wa macho yake. Hatua hii pekee hubadilisha picha kuliko simu mpya.
6. Kaa hapo dakika kumi bila kupiga. Atakuja kukunusa, atanusa simu, ataondoka, atarudi kwenye shughuli zake. Sasa anza.
7. Gusa kioo juu ya jicho lake ili simu ilenge hapo, kisha shikilia kitufe ipige picha mfululizo. Kati ya ishirini, moja itakuwa na masikio na macho mahali pake.
8. Sauti ya kumshtua, mfano karatasi ya pipi au mluzi, iweke mwisho. Mara ya kwanza atainua masikio, mara ya tatu hatajisumbua.
9. Acha baada ya dakika ishirini hata kama hujaridhika. Kesho yupo.

Kwa wenye kamera: mnyama aliyekaa, shata 1/250, anayetembea, 1/500, anayekimbia, 1/1000. Ndani ya nyumba usiogope ISO 1600 au 3200. Picha yenye chengachenga kidogo inavumilika, iliyotikisika haina dawa. Wenye simu: ile hali inayofifisha mandhari ya nyuma hukata sharubu na nywele za masikio, kwa hiyo izime. Ukitaka mandhari ififie, mvute mnyama mbali na ukuta wewe umkaribie.

Dalili za kuacha mara moja

Nyumbani ni kwake, lakini hata kwake anaweza kuchoka. Ukiziona hizi, weka simu chini:

- mbwa anajilamba pua au kupiga miayo bila usingizi, anageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anaingiza mkia katikati ya miguu;
- paka analaza masikio, anapiga mkia chini, ngozi ya mgongo inamtetemeka;
- sungura anapiga mguu wa nyuma chini kwa nguvu.

Kinyume chake, paka akikutazama na kufumba macho polepole, mfumbie na wewe. Ametulia, na hapo ndipo picha yake ya uso ilipo.

Kila mnyama na lake

*Paka.* Usimfuate. Jua anapokaa saa fulani, uwe umefika kabla yake. Paka wa pwani hupenda baraza za mawe asubuhi na vivuli vya vichochoro mchana, na ratiba yake haibadiliki sana.

*Mbwa wa ulinzi.* Huyu anahitaji maneno zaidi, maana watu hutaka picha kali na huishia kuumizwa. Mbwa anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku hajazoea watu wengi uani. Apigwe picha na yule anayemlisha, hata kama ni mlinzi au kijana wa bustani na hajawahi kushika kamera. Mwonyeshe dakika tano namna ya kulenga, mpe simu, ondoka. Picha atakazoleta zitakuwa na uso ambao hata wewe mwenye nyumba hujawahi kuuona, kwa sababu mbwa yule hakutazami wewe hivyo. Usimchokoze abweke ili aonekane mkali.

*Manyoya meusi au meupe.* Kamera hutaka kila kitu kiwe cha wastani. Paka mweusi aliyejaza picha itamfanya wa kijivu, na mweupe itamtia utusitusi. Gusa kioo juu ya mnyama, kisha buruta ile alama ya jua: chini kidogo kwa mweusi, juu kidogo kwa mweupe. Mweusi mtoe kwenye kochi jeusi umweke kwenye kanga yenye rangi.

*Sungura.* Macho yake yako pembeni, hivyo mpige kwa ubavu. Asinyanyuliwe kwa masikio, hata kwa sekunde moja.

*Ndege wa kizimbani.* Bandika lenzi karibu kabisa na waya ili waya upotee. Usimletee kitu kigeni ghafla karibu na kizimba. Na kwa kasuku wa kijivu, kumbuka kwamba biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe pori walio hatarini, mwaka 2016, na kwamba nchini Kenya na Tanzania kufuga ndege au mnyama wa porini kunahitaji kibali. Kobe naye yumo. Kama huna kibali, shughulikia hilo kwanza.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kumvika shati, miwani au utepe. Mbwa mmoja kati ya wengi hajali. Wengine huganda, na picha huonyesha kuganda.
- Kumshika kwa nguvu. Mikono iliyomkaba huonekana hata ukiikata pembeni.
- Kumhonga kupita kiasi. Kidagaa kimoja kwa paka, kipande cha ini ukubwa wa punje ya mahindi kwa mbwa. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali.
- Kutaka atazame kamera kila mara. Anapotazama nje ya dirisha, anapolala kichwa chini, anapomngoja mtoto arudi shule: hizo ndizo utakazozitafuta miaka ijayo.
- Kufuta picha papo hapo. Kioo cha simu juani kinadanganya. Chagua jioni, ukiwa umetulia.

Ukimwita mpiga picha

Si kila mtu anataka kulala sakafuni, na hakuna ubaya kumlipa fundi aje. Kabla ya kukubaliana, mwulize kama atakuja bila flashi, kama yuko tayari kukaa nusu saa bila kupiga, na kama ametoka nyumba nyingine yenye mbwa siku hiyo. Akikuambia anahitaji dakika kumi tu na msaidizi wa kumshika mnyama, mshukuru umwache aende.

Nawe una wajibu kwake. Mwambie ukweli kama mbwa anauma. Usitegemee kibao cha "Mbwa Mkali" getini kifanye kazi hiyo. Mwonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Usipake majivu wala mafuta.

Wageni wasimwinamie mnyama wala kumnyooshea mkono usoni. Mpiga picha aingie, akae chini, aongee na wewe kana kwamba amekuja kunywa chai. Mwenye nyumba akimpokea mtu, mnyama naye humpokea.

Kabla ya kuirusha picha mtandaoni

Hii ndiyo hasara ya picha za nyumbani ambayo studio haina, kwa hiyo nisiifiche. Picha ya mbwa wako uani inaonyesha pia kufuli la geti, namba ya gari, urefu wa ukuta na upande usio na taa. Anayetaka kuiba mbwa wa mbegu, au kuvunja nyumba, anaangalia hayo. Kagua pembe nne za picha. Kata namba ya gari, beji ya sare ya shule ya mtoto, barua zilizo mezani. Zima kipengele cha kamera kinachorekodi mahali, kwa sababu ukituma picha halisi kama faili, mahali hapo huenda pamoja nayo. Na kama mfanyakazi wa nyumbani au mtoto wa jirani yumo, mwombe ruhusa, au mzazi wake.

Picha tano za kupiga leo hata ukipuuza mengine yote

Wengi hunitafuta siku ambayo mnyama amepotea, na picha pekee waliyo nayo ni ya paka aliyejikunja kama chapati. Hiyo haimsaidii jirani kumtambua. Wakati amesimama kwenye nuru nzuri, mpige:

1. ubavu wa kulia, mwili mzima;
2. ubavu wa kushoto, kwa sababu madoa hayafanani pande mbili;
3. uso, macho yakionekana rangi;
4. alama yake ya pekee: sikio lililochanika, kovu, ncha ya mkia, kidole cheupe;
5. akiwa karibu na mtu au kiti, ili ukubwa wake ujulikane.

Kola ivuliwe kwa picha mbili za mwanzo, maana kola ndicho kitu cha kwanza kuondolewa na aliyemwiba. Mtoto wa mbwa au wa paka rudia kila mwezi hadi atimize mwaka. Ziweke pamoja na picha ya kadi yake ya chanjo, kisha mtumie ndugu au jirani nakala, kwa sababu simu nayo hupotea.